Mistari Nyuma ya Picha

Mimi si mtu wa kuogopaogopa. Nimepika ugali machimboni Mwakitolyo miaka mingi, nimewatoa walevi kibandani kwangu kwa mwiko, nimeua nyoka kwa mchi. Lakini siku ile nilipoingiza mkono kwenye gunia la mpunga nikatoa kifurushi cha kitambaa cheusi, kidogo kama yai la kanga, nilikaa palepale sakafuni. Ndani mlikuwa na picha ya mtoto wangu wa mwisho.

Ngoja nianze jambo lilikoanzia, maana nikikurukia hivi utasema nimechanganyikiwa mimi.

Mume wangu ni mchimbaji. Miezi michache kabla ya siku hiyo, matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, yaliachia kwenye duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, kifusi kikashuka wao wakiwa chini, watatu. Yeye alitolewa siku hiyohiyo, mweupe kwa vumbi utadhani kagaagaa kwenye unga. Wenzake wawili walitolewa kesho yake wakiwa maiti. Tulizika, tukalia, halafu tukachinja mbuzi kumshukuru Mungu kwa huyu mmoja aliyebaki. Watu walimkagua mbavu, miguu, macho. "Aisee, huna hata mkwaruzo!" Hakuna aliyemuuliza zile saa zote alizokaa gizani alisikia nini. Hata mimi mkewe sikuuliza. Nilimuuliza kama anataka ugali wa mtama au wa mahindi.

Akaacha kulala. Karasha likianza kusaga mawe kule bondeni, kikombe kinamponyoka. Mlango wa chumba hataki ufungwe. Mchana mmoja nimekimbia nyumbani kuchukua chumvi, namkuta amelala kifudifudi, sikio kalibandika kwenye saruji.

"Baba watoto, unafanya nini hapo?"

"Nyamaza kidogo," akasema. "Wanagonga."

Nilisimama na chumvi yangu mkononi. Nilisikiliza, Mungu anisamehe, na mimi nilisikiliza. Kisha nikatoka mbio kurudi kwenye masufuria yangu, wala sikumwambia mtu.

Sasa, kwenye duara lao kuna desturi. Mshika kamba, yule anayekaa juu kushusha na kupandisha wenzake, hamshushi mtu asubuhi kabla ya kumuuliza, "Umeota nini?" Ukisema umeota vibaya, labda maji yanakufuata au marehemu anakuita, siku hiyo hushuki. Hakuna kubishana, hakuna kuchekana. Unakaa pembeni, wenzako wanaingia. Mshika kamba wao alikuwa mzee mkavu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka vipi, na swali lake aliliuliza kwa ukali kama askari wa geti.

Kibanda changu hakikuwa mbali. Mume wangu aliporudi kazini, kwenye duara jipya, nilikuwa namsikia kila asubuhi anajibu, "Sijaota." Mwongo! Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye. Mimi ndiye niliyekuwa namsikia akiwaita wale wawili kwa majina yao, akiwaambia wasogee nuruni. Nilijua anadanganya, na nikanyamaza, kwa sababu nyumbani watu wanakula, na kwa sababu nilitaka sana awe mzima.

Jirani yangu muuza maandazi ndiye aliyelitaja neno. Alikuja kuomba moto, akachuchumaa, akaniambia polepole:

"Shoga, wawili wamekufa, mmoja hana hata mkwaruzo. Fungua macho. Hiyo ni ndagu."

Huku kwetu huhitaji kuelezwa ndagu. Ni utajiri wa kwa mganga, wa masharti, na malipo yake ni damu ya mtu wa nyumbani. Aliyechukua akichelewa kulipa, kichwa kinaanza kumruka.

"Koma kabisa!" nikamwambia. "Utajiri gani, wakati paa letu linavuja? Kakaange maandazi yako."

"Haya, nimekoma. Ila kitinda mimba wako mchunge."

Nilimfukuza, lakini neno lilikuwa limeshaingia, na neno la namna hiyo likiingia halitoki. Kuanzia siku ile nilimfunga binti yangu mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka minne, miguu inaning'inia, watu wananicheka. Nakoroga ugali naye, naenda kisimani naye. Mume wangu akirudi, mtoto anamchangamkia, baba ananyoosha mikono ampokee, mimi nageuka. "Ana homa," nasema. Mikono yake inabaki hewani, halafu anajifanya ananyoosha mgongo. Niliiona ile mikono kila jioni. Ilinitisha, na kunitisha kwake kulinitia hasira, nikawa namjibu kwa mkato kama mpangaji.

Basi ndipo nikakuta kile kifurushi. Kitambaa cheusi, uzi mwekundu, ndani vidonge vyeupe. Mimi si mjinga, vidonge navijua. Lakini kila kimoja kilikuwa kimekatwa nusu, na jirani alishaniambia waganga wa siku hizi wamekuwa wajanja, hawatoi tena mizizi. Vilikuwa vimezungushiwa picha ya mtoto, ile aliyopigwa Krismasi na gauni la njano. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na mistari midogo ya kalamu, imesimama sambamba. Kumi na mmoja.

Mayo! Mwanangu anahesabiwa siku.

Hofu ile siwezi kuieleza vizuri. Vidonge nilivitupa chooni, kitambaa nikakichoma jikoni nikipuliza moto. Picha sikuweza kuichoma. Nani anachoma picha ya mtoto aliye hai? Niliifunga kwenye pindo la kanga. Kisha nikapanga nguo mbili tatu kwenye mfuko, nikauficha nyuma ya mtungi. Nilikusudia siku ya mnada, watu wakiwa wengi barabarani, nipande gari na mwanangu niende kwa mama yangu.

Siku zilizofuata nilimwona mume wangu akitafuta. Alimwaga mpunga wote kwenye turubai, akaupekua kwa vidole kama anayechagua mawe.

"Unatafuta nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndiyo kinakutoa jasho hivyo?"

Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, na ndani yake kulikuwa na maombi ambayo mimi niliyasoma kuwa ni ukatili. Angeniuliza, ningemwambia. Ningemuuliza, labda naye angeniambia. Tulikaa hivyo siku sita, kila mmoja anamwogopa mwenzake, tunakula sahani moja.

Siku ya sita, saa tano asubuhi, mshika kamba alikuja kibandani kwangu akikimbia. Sikuwahi kumwona yule mzee akikimbia.

"Mama, njoo. Mumeo yuko kwenye duara la zamani. Amekaa mdomoni, miguu ameitia ndani. Hataki mtu amsogelee."

Mwiko niliuacha ndani ya sufuria. Mtoto nilimtupia jirani yuleyule wa maandazi, mwingine hakuwepo. Nilipofika, watu walikuwa wamesimama mbali, nusu duara, mikono mdomoni. Wanaume wazima, wanaoshuka ardhini kila siku, hakuna aliyesogea. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Ndagu hiyo, imekuja kumchukua." Na mimi ndiye niliyekuwa nawaza hivyohivyo siku sita zote, lakini kulisikia kwa mdomo wa mwingine, mbele ya mgongo ule ninaoujua, kulinichoma moyo.

Mshika kamba alinifunga kamba kiunoni bila kuniuliza, maana ukingo wa shimo la zamani hukatika wenyewe. Nikatambaa. Vijiwe vilikuwa vinadondoka mbele yangu na sikusikia vikifika chini.

"Usisogee," akasema bila kugeuka. "Pataanguka."

"Sisogei. Nimekaa. Umekuja kufanya nini huku?"

"Nimepoteza dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kichwa. Nilikwenda hospitali, Kolandoto, nikawaambia kila kitu. Wakanipa. Nikaanza kulala, mke wangu. Nilikuwa nimeanza kulala. Sasa imepotea, nimeona aibu kurudi, na hawa wananigongea mchana na usiku."

Nilitaka ardhi inimeze, na ilikuwa karibu sana. Nilifungua pindo la kanga, nikaitoa picha.

"Ni mimi," nikasema. "Niliitupa mimi. Nilidhani unamuuza mtoto."

Hapo akageuka. Aliitazama picha, akanitazama mimi, na sijawahi kuona mtu akishangaa kwa uchungu namna ile.

"Nimuuze?" akasema. "Huyu?"

Nililia, na katika kulia nikalisema swali pekee lililokuja kichwani, swali ninalolisikia kila asubuhi: "Umeota nini?"

Aligeukia tena shimo. Nilidhani nimeharibu. Halafu akaanza kusema. Alisema wenzake walikuwa hai baada ya kifusi kushuka. Walikuwa wakigonga mwamba kwa jiwe, naye akiwajibu kwa jiwe, na waliendelea hivyo mpaka mmoja akaacha, kisha wa pili akaacha. Yeye aliendelea kugonga peke yake. Kila akifumba macho, wanagonga tena wakimuuliza mbona amenyamaza. Alieleza hayo yote juani, mbele ya watu, kamasi zikimtoka, na mimi nilikuwa namsikia kwa mara ya kwanza tangu nimpikie ule ugali wa mtama.

Alipomaliza, nyuma yetu ikatoka sauti ya mshika kamba, ileile kavu ya kila asubuhi.

"Umeota vibaya. Leo hushuki. Toka hapo ukae pembeni."

Na mume wangu, Mungu wangu, akatii. Akavuta miguu juu kama mtu anayetii msimamizi wake, akatambaa kuja nilipo. Nilimshika shati kwa mikono miwili, nao wakatuvuta wote kwa kamba moja. Hakuna aliyecheka. Mshika kamba akavua kofia yake ya sufu, akajifuta nayo uso, na kwa mara ya kwanza nikaona kichwa chake kina mvi.

Siku hiyohiyo tulikwenda Kolandoto. Muuguzi hakunigombeza, ingawa nilistahili. Alinieleza kwamba ile nusu ni kipimo cha kuanzia, na kwamba alimsihi mume wangu amwambie mtu nyumbani. Hakumwambia mtu, akazificha mpungani, maana nani angekubali kushuka na mtu anayemeza dawa za kichwa? Na ile picha, aliambiwa achague mwenyewe kitu cha kumshikilia asikate tamaa, naye akachagua binti yake. Kila siku aliyomeza dawa na kuamua kubaki hai, alichora mstari nyuma yake.

Jirani nilimsamehe nusu. Nusu nyingine bado naifikiria. Mimi mwenyewe bado naogopa. Akichelewa nusu saa, nasimama barabarani na mwiko. Yeye hashuki tena. Anashika kamba na yule mzee, wanapokezana, na swali la asubuhi analiuliza yeye, taratibu, na akijibiwa "sijaota" anamtazama mtu mpaka mtu anainamisha macho.

Picha sasa inakaa ukutani, wazi, ikiwa imegeuziwa mgongo, na mistari imejaza karibu mgongo wote. Kati ya mistari hiyo, baada ya ule wa kumi na moja, kuna nafasi tupu ya upana wa vidole viwili. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakuendeleza palepale alipoishia, karatasi yenyewe ndogo.

"Hizo siku sikuwepo," akasema, akanipa kalamu nichore wa leo.