Mikao Isiyo na Kazi

Kiongozi wa bendi yetu pale Tabora alikuwa fundi wa karakana ya reli, na muziki aliutengeneza kama alivyotengeneza mabehewa: kila kitu kina kazi yake, kisicho na kazi kinatolewa. Yeye alipiga gitaa la solo, mimi ridhimu. Mikao ya vidole kwenye nyuzi alinifundisha hivi: wa kwanza ni nyumbani, wa nne ni kutoka kidogo, wa tano ni mtu anakuita urudi. Ukisikia wa tano, miguu yenyewe inajua nyumbani kumekaribia. Ukishafika, sahani za dramu zinalia chaa, wanaume wanawarudisha wanawake kwenye viti vyao na kuagiza soda. Hiyo ndiyo ilikuwa jazi, na asiyeitaka alipewa manyanga atikise.

Sikuwa na ubishi. Ila nilikuwa nimepiga nyimbo za wenzangu tangu bendi inaanza, na sikuwa na hata mmoja wa kwangu. Jambo hilo liliniuma, tena sana. Kila niliompelekea kiongozi aliusikiliza hadi nusu, kisha akasema, "Huu tunao tayari." Na kweli tulikuwa nao. Nikifuata mikao ile mitatu, nilijikuta nimefika kwenye wimbo wa mtu mwingine.

Siku hizo shangazi yangu alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Usinge. Nyumba yake ya zamani ilikuwa peke yake katikati ya mashamba, huwezi kuikosa hata ukilewa. Nikaenda kumsalimia. Kijiji kimenyooka kama kilichorwa kwa rula, nyumba zote sawasawa, zikitazama barabara moja. Nikaingia niliyodhani ni yake. Mama wa pale akanipokea mzigo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaletewa maji ya kunawa, ugali na kisamvu cha karanga. Kwetu mgeni haulizwi kitu kabla hajashiba. Nilikuwa nalamba vidole ndipo nikauliza shangazi amekwenda wapi.

"Shangazi yupi, mwanangu?"

Nilikuwa nimekula kwa watu. Yule mama alicheka mpaka akaketi chini, akanielekeza nyumba ya tatu kutoka pale. Nikahesabu vibaya, nikaingia ya nne, na huko nako wakaninawisha, wakanilisha.

Shangazi hakuona ajabu. "Hata mimi juzi nimeingia kwa jirani nikaanza kufagia," alisema. Nilimwonea huruma, naye akanionea huruma mimi niliyekuwa nimeshiba mara mbili na bado nina sahani yake mbele yangu. Asubuhi nikamsaidia kurina asali, nyuki wakanipata kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Nikarudi mjini na vidole vimevimba kama viazi. Mazoezini niliweza kushika mkao mmoja tu, kwa vidole vilivyosalia. Sasa ningefanya nini? Nikausogeza huo huo kwenye shingo ya gitaa, juu, chini, juu tena, bila kubadili umbo lake. Kila uliposimama ulipendeza, lakini haukumwita mwenzake wala kuitwa naye. Nikaona kile kijiji: nyumba ile ile, mlango ule ule, na mimi ninatafuta ya shangazi. Maneno yakaja hapo hapo, ya mtu anayebisha mlango hadi mlango na hapaoni kwake. Nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi. Vidole vilipona, lakini mkao sikuubadili.

Kiongozi aliusikiliza wimbo wote. Kwangu hiyo peke yake ilikuwa sherehe.

"Mikao yako haina kazi, bwana mdogo," akasema. "Na wasio na kazi siku hizi wanapelekwa vijijini."

"Ndiko ilikotoka, kaka."

Wenzetu wakacheka, yeye hakucheka. "Unaishia wapi?"

"Hauishii."

"Hauishii! Sasa watu watakaa saa ngapi?"

Alitaka nimalizie kwa mkao wa nyumbani, nikakataa. Mimi ni mkaidi na ukaidi wangu siujutii. Baada ya kubishana wiki nzima akatoa hukumu: tutaupiga mara moja, Jumapili, kwenye dansi la alasiri. Watu wakienda kukaa kabla haujaisha, tunauzika, nami nisimsumbue tena na nyimbo zangu.

Jumapili wachezaji walianza vizuri, maana besi na tumba hazikuwa na matata. Ubeti wa pili wakaanza kututazama. Miguu ilikuwa inasubiri kuitwa nyumbani, na haikuitwa. Ubeti wa tatu jamaa mmoja wa mbele akamwachia mwenzake mkono, akageuka kuelekea kiti chake. Kiongozi alimwona, akaninyanyulia nyusi. Nikaendelea kubisha tu, hodi huku, hodi kule, mkao ukipanda. Nilipofika mwisho nikaimba "hodi" moja ya peke yake, nikausimamisha mkao kule juu, nikaacha nyuzi zilie zenyewe mpaka ziishe. Dramu kimya, besi kimya. Watu wamesimama, mikono mabegani mwa wenzao, hawakai wala hawapigi makofi. Yule jamaa naye amesimama katikati ya njia. Nikajua nimekwisha.

Lakini nani aliyelelewa na watu anaweza kusikia hodi akanyamaza? Yule yule jamaa ndiye aliyeanza, kisha ukumbi mzima ukamfuata:

"Karibu!"

Kiongozi akanitazama, akautazama ukumbi. Halafu yeye, ambaye hatukuwahi kumsikia akiimba, akakisogelea kipaza sauti na kubisha hodi.