Mpiga Tarumbeta Asiye na Meno ya Mbele

Saa moja asubuhi, kabla mashine ya kusaga haijawashwa, fundi viatu mmoja anasimama nyuma ya kibanda chake, anafuta midomo kwa kiganja na kuinua tarumbeta. Haliweki katikati ya mdomo kama wafanyavyo wapiga tarumbeta wengine. Analipeleka kona ya kushoto, kama mzee anayevuta kiko. Kisha anapuliza.

Sauti ya kwanza inatoka safi. Ya pili nayo. Ya tatu inapanda, inatetemeka kidogo, inashika. Mama mmoja aliyepanga foleni na debe lake la mahindi anageuka, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anarudi kwenye mazungumzo yake.

"Leo imekaa," anasema fundi, akishusha tarumbeta. "Jana ilikuwa inanikimbia kama kuku."

Majirani hawamwiti fundi. Wanamwita Koplo, cheo alichostaafu nacho jeshini, na ukimwita "mzee" anakujibu kwa kuchelewa makusudi.

Leo hana muda wa soga. Alasiri atakwenda nyumbani kwa rafiki yake wa tangu kambini, anayejulikana na wote kama Dereva. Moyo wa Dereva umechoka, na daktari ameshawaambia jamaa zake wajiandae. Mgonjwa mwenyewe amesema hataki maua wala hotuba ndefu. Anataka kujua jambo moja tu kabla hajafumba macho: je, Koplo bado anaweza kupuliza?

Swali hilo lina historia yake.

Chama cha askari wastaafu wa mtaa huu hukutana katika chumba kilichokuwa ghala la rangi, na hadi leo ukikaa humo kwa muda mrefu unatoka na kichwa kizito. Wanachama hufyeka nyasi kwenye makaburi ya wenzao, hutembelea wagonjwa kwa zamu na kuziba mapaa ya wajane. Ukimwona mzee ana ngazi begani na beji kifuani, ujue kuna nyumba inavuja.

"Shida yetu ni moja," anasema mwenyekiti wao, mama mwenye sauti inayoweza kusimamisha lori, ambaye wenzake wanamwita Sajenti. Ndiye aliyesimamia magari ya kambi yao. "Kila mtu alistaafu akiwa anatoa amri. Wa kupokea hatuna."

Lakini kuna jambo moja wasilobishania. Mwanachama akifariki, kabla udongo haujamwagwa, tarumbeta hupiga mwito wa mwisho, ule uliokuwa ukifunga siku kambini. Wanaoweza kusimama husimama wima. Wasioweza huinua mkono kutoka kwenye kiti. Tangu chama kianzishwe, mpigaji alikuwa mmoja tu, naye ni Koplo.

Ndipo akaangukia bafuni.

"Nimepita vitani, risasi zikanikosa," anasimulia, akishona soli ya kiatu cha shule bila kuinua macho. "Halafu nikaja kuangushwa na kipande cha sabuni, nyumbani kwangu, niko uchi kama nilivyozaliwa. Meno manne ya mbele yakaenda. Hata medali hawatoi kwa hilo."

Kwa mtu mwingine, kung'oka meno ni hasara ya kutafunia nyama. Kwa mpiga tarumbeta ni kufukuzwa kazi. Tarumbeta la jeshi halina vibonyezo vya kuchagulia sauti. Sauti zote, za juu na za chini, hutengenezwa na midomo, na midomo hutegemea meno yaliyo nyuma yake. "Midomo bila meno ni pazia bila fimbo," anasema Koplo. "Upepo ukija, linajiendea tu."

Wiki chache baadaye akafariki aliyekuwa mpishi wa kambi. Chama hakikuwa na mpigaji, basi kamati ikaona itumie simu na spika. Mwito ukapigwa vizuri hadi katikati. Watu wamesimama wima, kofia ziko kifuani, kimya kimetanda. Ghafla spika ikanyamaza, na sauti ya binti mchangamfu ikauliza makaburi yote: "Je, unahitaji mkopo wa haraka?"

Wapo waliocheka wakajifanya wanakohoa. Mjane wa mpishi alibaki akitazama chini. Sajenti aliinyakua simu na kuizima, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona," anasema Koplo, na hapa anaiweka sindano chini. "Mtu ametulisha miaka yote ile, kwenye mvua, kwenye matope, hatujalala njaa hata siku moja. Sisi tukamzika na tangazo. Nikasema, haitatokea tena nikiwa hai."

Akaenda kutengenezewa meno ya bandia. Yalimeza kipato chake cha miezi mingi, na wateja wake wanakumbuka kipindi ambacho Koplo alikuwa akishona viatu hadi kiza kinaingia. Siku aliyoyajaribu mbele ya kamati, alivuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote, na meno yakaruka yakatua miguuni kwa Sajenti.

"Nilipiga hatua moja nyuma, kwa mujibu wa kanuni," anasema Sajenti, na anacheka hadi machozi yanamtoka. "Nikamwambia, Koplo, okota silaha yako."

Mtu mwingine angeachia hapo. Koplo aliyatia meno mfukoni, akarudi nyumbani na kuanza upya. Mdomoni, upande wa kushoto, alikuwa bado na meno yake mwenyewe, imara. Akaamua kujifunza kupulizia huko.

Mkewe hakulipokea jambo hilo kwa mikono miwili. "Nilivumilia jeshi ujana wangu wote, yeye yuko mbali mimi niko na watoto," anasema mama huyo, akimenya viazi mlangoni. "Sasa amestaafu, jeshi ndiyo limehamia chumbani! Sauti yenyewe kama mbuzi amebanwa na mlango. Nikamwambia, baba watoto, chagua. Tarumbeta litoke, au utoke nalo."

Akatoka nalo. Kibanda chake kimepakana na mashine ya kusaga, na mashine ile ikiwaka hata radi huisikii. Koplo akaona amepata chuo. Kila mashine iliponguruma alijificha nyuma ya ukuta na kupuliza, akiamini hakuna anayemsikia. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani tu.

Siku moja umeme ulikatika ghafla. Mashine ikanyamaza, Koplo bado anapuliza, macho kayafumba. Ikatoka sauti ya kupasua anga, mbwa wa mtaa mzima wakaijibu. Mwenye mashine alizunguka ukuta mbio, akasimama mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe!" alifoka. "Mimi nimeshamwita fundi mara mbili anibadilishie mkanda, nikidhani ndio unaolia!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Koplo naye alicheka, lakini moyoni alikuwa ameumia, kwa sababu ndipo alipotambua kosa lake. Ndani ya ngurumo ile alikuwa akipuliza kwa hasira ili ajisikie mwenyewe. Alikuwa amejifundisha kupiga kelele, na makaburini hakuna mashine ya kuzificha. Kazi yote ile ilibidi aifumue, kama mshono uliokwenda upande.

Tangu hapo hufanya mazoezi asubuhi, mashine ikiwa kimya na wateja wakiwa wamepanga foleni na madebe yao. Wamekuwa baraza lake la mitihani. Sauti ikipasuka, wanaguna. Ikishika, wanaitikia kwa vichwa. "Hawajui jeshi wala muziki," anasema Koplo, "lakini sikio la mtu aliye kwenye foleni halina huruma."

Alipoona yuko tayari, likazuka lingine. Sajenti hakupenda kumwona mpigaji wa chama akipuliza kombo. Jeshini, mpigaji aliyepeleka tarumbeta pembeni alikimbizwa kuzunguka uwanja akiwa amelibeba kichwani.

"Heshima iko wapi?" aliuliza kwenye mkutano. Koplo alisimama, akamjibu kwa sauti ya chini: "Afande, sauti ya simu ilinyooka. Mliipenda?"

Sajenti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi.

Kisha likaja ombi la Dereva. Alitaka apigiwe mwito wa mwisho sasa, kitandani, kwa maelezo kwamba akishaingia ndani ya sanduku hatausikia. Hapo kamati nzima ilikataa, Koplo mwenyewe akiwa mbele. Mwito ule hupigiwa marehemu. Kumpigia mtu anayepumua ni kumwambia tumeshamaliza nawe.

"Sitamzika rafiki yangu ananitazama," alisema Koplo. "Lakini nitakwenda. Nitampigia kitu."

Alasiri imefika. Wanachama wamejipanga kwenye njia nyembamba mbele ya nyumba ya Dereva, warefu nyuma na wafupi mbele. Mmoja ana mkongojo, mwingine ameshikilia ukuta. Sajenti anapita akiwanyoosha kola. Ndani, kitanda kimesogezwa hadi dirishani, na binti wa Dereva amemwegemeza baba yake kwenye mito. Mashavu ya mgonjwa yamebonyea, lakini macho bado yanatafuta watu wa kuwatania.

"Huyo kibogoyo amekuja?" anauliza.

"Nipo," anajibu Koplo kutoka nje. Analiinua tarumbeta, analipeleka kushoto na kupuliza.

Anapiga mwito wa kuamka, ule wa alfajiri, uliokuwa ukiwatoa vitandani miaka ile walipokuwa vijana na viuno vyao havijui dawa. Unakwenda kwa kasi na unapanda. Kwenye sauti ya juu kabisa unapasuka kidogo. Uso wa Koplo unakunjamana, lakini kanuni ya wapigaji ni kwamba ukikosea huanzi upya, unaendelea mbele. Anaendelea mbele. Anaumaliza.

Ndani kunasikika purukushani. Dereva ametupa shuka pembeni. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa hajageuka bila kushikwa amekwisha shusha miguu yote miwili, na vidole vyake vinapapasa sakafu. Wenzake wanaijua haraka hiyo. Kambini alikuwa akilala ndani ya lori lake, na kila alfajiri alifika mwisho kwenye mstari, kamba za viatu zikimfuata nyuma.

"Viatu vyangu viko wapi?" anamuuliza binti yake, anahema. "Sajenti ataniandika."

Sajenti ameinama dirishani. Ile sauti ya kusimamisha lori imepotea. "Leo umesamehewa, Dereva," anasema, na anafuta macho kwa mkono wa shati mbele ya watu wote. Kwenye mstari hakuna anayemtazama mwenzake.

Binti anamrudisha baba yake kitandani taratibu. Dereva anapata pumzi, kisha anamwita Koplo dirishani.

"Umepuliza kombo," anamwambia.

"Nimepuliza kombo."

"Na pale juu umepasua."

"Nimepasua."

"Lakini ni wewe. Basi, nimeridhika. Siku yangu ikifika najua utakuja." Kisha ule utundu wake unarudi. "Na wewe je? Yako ikifika, nani atakupigia? Yule binti wa mikopo?"

Mstari mzima unacheka. Koplo anatabasamu kwa adabu, analifunika tarumbeta kwa kitambaa chake na kushika njia ya nyumbani.

Jioni, akiwa ameketi mlangoni, ndipo anapofunguka. Anasema hajawahi kulifikiria. Amewapigia wengi, kila mara akiwa upande huu wa kaburi, akihesabu pumzi zake, na haikumpitia akilini kwamba siku moja atakuwa upande ule na tarumbeta liko kabatini. Sasa ameamua. Kuanzia mwezi ujao atafundisha mtu yeyote wa chama aliye tayari, kwenye lile ghala la rangi, hadi wapatikane wapigaji wawili wasiohitaji spika.

"Nikipata hata mmoja, nitalala," anasema. "Shida ni meno. Nimewapitia wote leo pale kwenye mstari, nikiwachungulia midomo wakicheka. Chama kizima, Mungu atusaidie, hakina meno ya kutosha tarumbeta moja."

Mkewe anatoka ndani akipangusa mikono. Analichukua tarumbeta lililoko mapajani mwa mumewe, analiweka katikati ya mdomo, mahali hasa panapotakiwa, na kupuliza. Sauti ya kwanza inatoka. Ya pili inatoka. Zinakwaruza, lakini ni zenyewe, za mwito wa mwisho. Ya tatu inagoma.

Koplo anamtazama kama mtu aliyeona chungu kikisema. "Umejifunza lini?"

"Ukienda kwenye zamu za chama na kuliacha kabatini, unadhani huwa nakaa kukungoja tu?" anajibu mkewe, akimrudishia tarumbeta. "Nitakupigia mimi. Lakini usiwe na haraka, baba watoto. Ile ya juu bado sijaipata."