Sahihi ya Kostansia

Kostansia ndiye aliyetufundisha kuweka sahihi. Nasema sisi, wanawake Warundi wa mtaa wa West Side, mjini Buffalo, Amerika, tuliokulia Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Na niseme mapema kwamba nampenda, maana nitakayoyasimulia hayatamsaidia.

Kambini, aliyeuliza maswali mbele ya karatasi faili lake liliwekwa kando. Mwenzako anaondoka kwenda Amerika, wewe unabaki na swali lako. Tulijifunza upesi: ukipewa karatasi, weka kidole gumba, shukuru, ondoka. Kostansia alikuwa amemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kilimtosha kubishana na madereva wa basi, kwa hiyo tulipofika huku tukamfanya mkalimani wetu. Alitupeleka shuleni kwa watoto, ofisini, hospitalini, na kila mahali neno lake lilikuwa moja: "Saini kwanza, tutauliza nyumbani."

Desemba 2013 alimpeleka Marita kliniki. Marita, au Mama Florida kama tulivyozoea kumwita, alikuwa na miaka ishirini na mitano, binti mmoja, na mimba ya miezi saba. Muuguzi alileta karatasi tano zenye vibandiko vya njano palipohitajika sahihi, akasema ni za siku ya kujifungua. Marita akasaini. Kibandiko kimoja kilikuwa cha mkalimani, na Kostansia naye akasaini, kwa mwandiko mzuri anaojivunia mpaka leo. Hakusoma, na muuguzi hakumwomba asome. Walikuwa wanawahi basi.

Mtoto alizaliwa Februari kwa upasuaji. Alikuwa wa kiume, akaishi siku kumi na moja.

Tangu hapo Marita alitaka kitu kimoja tu duniani, mtoto mwingine, na hakuja. Miaka miwili ikapita. Tulimwombea, tukamfungisha siku tatu bila hata maji, na mimi mwenyewe nilimchemshia majani yaliyotumwa kutoka Kigoma, akatapika mpaka damu. Kisha tukaanza kumuuliza ametenda dhambi gani ya siri. Ndiyo, tukaanza, siwezi kusema "wakaanza". Mumewe, Gaudiosi, aliacha kula chakula alichopikiwa naye.

Machi 2016 Kostansia alimpeleka kwa daktari mwingine. Daktari alisoma faili, akashangaa, akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu alifungwa mirija ya uzazi siku ile ile ya upasuaji, kwa ridhaa yake. Akageuza kompyuta waone. Chini ya karatasi paliandikwa kwamba mkalimani amemsomea mgonjwa yote kwa lugha yake, na mgonjwa ameelewa kuwa hatazaa tena. Hapo ndipo ilipokaa ile sahihi nzuri ya Kostansia.

"Amesemaje?" Marita akauliza.

"Amesema turudi mwezi ujao."

Nimejaribu kumsamehe jibu hilo na bado sijamaliza. Mwezi uliofuata akamwambia tena mwezi ujao. Juni, Gaudiosi alihamia mji wa Columbus, akapata kazi kwenye bohari moja huko, na kufikia Agosti alikuwa na mwanamke mwingine, mwenye mimba. Marita alizipata habari hizo kanisani, kutoka kwetu, na hatukumpunguzia hata kidogo.

Ndipo Kostansia akaenda kumwambia. Marita alikuwa anachambua maharage. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada Kostansia, ulijua lini?"

"Machi."

"Gaudiosi ameondoka Juni."

"Ndiyo."

"Ungesema Machi, angekuwa na mtu wa kumlaumu asiye mimi," Marita akasema, akarudia maharage yake. Wiki ile ile alimchukua binti yake Florida, akahamia kwa shangazi yake, mji wa Louisville.

Kostansia aliacha kwaya. Akaanza kwenda kliniki na kila mjamzito aliyemkubali, akisoma kila mstari kwa sauti, polepole, mpaka wauguzi wakamchoka na basi likawaacha. Kliniki moja ilimwitia mlinzi. Akasoma mbele ya mlinzi. Wanawake Weusi wazaliwa wa Buffalo walizisikia habari zake wakamwalika mikutanoni kwao. Huko alikuta mabibi waliofungwa uzazi kwa karatasi za Kiingereza, lugha waliyozaliwa nayo, na wajukuu wao waliolia kwa uchungu wa kuzaa wakaambiwa wanajifanya. Aliporudi aliniambia, "Nilidhani kosa letu ni kutojua lugha." Akacheka, kicheko kibaya. Chama cha wanawake hao kikamwajiri.

Oktoba 2017 walimtuma Louisville kuhutubia. Niliendesha gari mimi, maana yeye anaogopa barabara kuu. Ukumbi ulijaa. Alieleza habari ya karatasi ile bila kumtaja Marita kwa jina, na bila kuificha sahihi yake. Watu wakasimama kumpigia makofi. Makofi yalipotulia, mwanamke wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa Marita, amekonda. Alizungumza Kiswahili, na mle ndani hapakuwa na mkalimani mwingine ila yule yule.

"Waambie ni mimi. Waambie umepata kazi kwa tumbo langu, na mimi sijapata kitu. Waambie ulikaa kimya mpaka mume wangu akaondoka. Yote, dada. Usinipunguzie."

Mwenyekiti akauliza mama huyo amesema nini. Nilimwomba Mungu Kostansia adanganye. Angesema tu kwamba mama anashukuru, nani angejua?

Kostansia alishika ukingo wa meza, akatafsiri neno kwa neno, pamoja na hilo la mwisho la kutopunguziwa. Kisha akamgeukia Marita, akamuuliza kwa Kiswahili kama kuna alichoacha.

"Hakuna," Marita akasema. Akavaa koti lake, akatoka.

Watu hawakujua wafanye nini. Mmoja akaanza kupiga makofi, na Kostansia akamwomba aache.