Anzeni Nyuma, Mje Mbele

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alikaa ukingoni mwa kitanda akakunja gazeti mara nne na kulitia ndani ya viatu, kiatu hiki na kile. Soli zilikuwa zimelika visiginoni, na kazi yake ilikuwa ya kusimama. Mama yake, ambaye alilala naye chumba kimoja, akisikia karatasi inakwaruza husema, "Haya, viatu vinasoma habari. Kumekucha."

Alikuwa mshika kamba kwenye bustani ya mabembea. Watu wakijipanga kupanda treni ndogo iliyo karibu na lango, yeye ndiye aliyefungua kamba, akahesabu vichwa kumi na sita, akafunga. Treni inazunguka, inarudi, anafungua tena. Miaka tisa. Wateja walimwita Dada Kamba, na wenzake wakafuata, mpaka jina alilopewa na baba yake likabaki la nyumbani tu.

Sasa, mtu akisimama miaka tisa mahali pamoja ataona mambo hata kama hataki. Aliona kwamba watu ni kama maji, hujaa kwanza shimo la karibu. Wakiingia tu langoni wanakwama kwenye treni, halafu magari ya kugongana, halafu mashua ya kuyumba. Gurudumu kubwa, lililo mwisho kabisa wa bustani, wanalifikia jua likiwa utosini, wote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo akimwona mama mwenye mtoto mgongoni, au mzee mwenye fimbo, alimnong'oneza: "Msisimame hapa. Anzeni nyuma, mje mbele. Mtanishukuru." Hakuomba chochote kwa hilo. Kusimama alikujua, akawaonea huruma.

Mwaka huo macho ya mama yakaanza kuaga. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitafuata, pengine kabla mwaka haujaisha.

"Macho yangu yanafunga duka," mama aliwaambia majirani, wakacheka wasijue waangalie wapi.

Lakini jioni moja, wakichambua maharage, akasema bila mzaha: "Mwanangu, hilo gurudumu unanisimulia miaka yote. Nataka nipande nikiwa bado naona. Wewe ukae ubavuni mwangu unioneshe. Nyumba yetu ile pale, soko lile, shule uliyokuwa unatoroka ile."

"Sikutoroka, mama. Ulinitoa wewe."

"Basi hiyohiyo."

Kila mfanyakazi alikuwa na siku moja kwa mwaka ya kuja kama mgeni, na mtu mmoja wake, bila tiketi. Yeye hakuwahi kuitumia. Shida ilikuwa magoti ya mama. Yalisimama dakika kumi, zaidi ya hapo yanakataa katakata.

Akapanga. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita alichora njia nzima, lango hapa, gurudumu kule, na benchi tatu za kupumzikia katikati. Mwendo wa mama ndio haukuingia kwenye karatasi, kwa hiyo wiki nzima waliufanyia majaribio uani, toka mlangoni mpaka bombani, kwenda na kurudi, mara kumi na tano. Yeye anahesabu dakika, mama anahesabu maumivu. Jirani yao fundi viatu akatoa kichwa dirishani.

"Bi mkubwa, hili gwaride la nini?"

"Tunakwenda kupigana na foleni. Ukitucheka tutaanza na wewe."

Hesabu ikatoka dakika kumi na mbili toka lango mpaka gurudumu. Lango likifunguliwa saa tatu, wakawa wa kwanza kuingia, watafika gurudumuni wakati wengine bado wamekwama kwenye michezo ya mbele. Watapanda moja kwa moja.

Siku ilipofika walikuwa wa kwanza langoni, kweli. Mama alimshika begani, wakaenda hatua zao. Lakini nyuma yao watu walikuja mbio. "Samahani, bibi! Tupishe, mama!" Baba mmoja alipita na mtoto shingoni, kiatu kimoja cha mtoto kikadondoka asigeuke. Dada Kamba akageuka kuitazama treni yake. Hakuna aliyesimama pale.

Walipokata kona ya mwisho, mstari wa gurudumu ulikuwa umeshazunguka uzio mzima na kuanza kujirudia.

"Leo kuna nini?" alimuuliza fundi wa gurudumu, mtu wa miaka mingi pale, grisi mpaka kwenye viwiko.

"Leo? Kila siku ndivyo, mwaka wa pili huu! Ukiwauliza, wote jibu moja: 'Yule dada wa kamba kasema tuanze nyuma.' Mmoja kamwambia shemeji yake, shemeji kawaambia kazini kwake. Siku hizi mpaka madereva wa teksi wanafundisha abiria. We kweli hukujua?"

Hakujua. Angejuaje? Kutwa alikuwa ameligeuzia gurudumu kisogo, chakula cha mchana alikula palepale penye kamba, jioni akatokea lango lilelile. Foleni yake mwenyewe aliiona inapungua, akadhani watu wameichoka treni.

"Mganga hajigangi," mama alisema taratibu, wakaenda kusimama mwisho.

Mwanamume aliyekuwa mbele yao akageuka, uso ukamkunjuka. "Si Dada Kamba huyu! Ushauri wako mwaka juzi, dada, hatukusimama hata kidogo. Nimewaambia ukoo mzima." Akawaonesha ukoo. Ulikuwa watu kumi na mmoja.

Dakika ya kumi ikapita. Mama akaanza kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Ya kumi na tano akaushika uzio kwa mikono miwili. Ndipo msimamizi akaja, filimbi shingoni.

"Afadhali nimekuona. Mstari huu hauna mtu wa kamba. Nishikie."

"Leo ni siku yangu. Niko na mama."

"Namwona. Shikamoo, mama. Sikiliza, nishikie saa moja tu. Mimi nampitisha mama mlango wa kutokea, anapanda sasa hivi."

"Tunapanda wawili."

"Wawili, foleni ndiyo hii. Chagua."

Aliyaona magoti yanavyotetemeka chini ya gauni. Alitaka kukataa, maneno alikuwa nayo mdomoni. Lakini mkono ulishatangulia kuipokea kamba.

Mama akakalishwa kwenye kibanda cha njano na mama mwingine mwenye watoto wawili. Mshika kamba akahesabu vichwa vinne, akafungua, akafunga. Kila alipoinua macho, cha njano kilikuwa juu zaidi. Kilipofika kileleni akajikuta anasema kwa sauti, "Pale penye bati jekundu, mama. Kushoto kwa tangi la maji."

"Unasemaje, dada?" aliuliza mteja wa mbele.

"Sisemi na wewe."

Mama alishuka ameshikwa mkono na fundi.

"Umeona?"

"Nimeona rangi, mwanangu. Nyingi. Nikawauliza wale watoto nyumba yetu ipi. Maskini, wakanionesha kila paa." Akacheka kidogo, kicheko hakikufika mbali. "Mojawapo lazima ilikuwa yenyewe."

"Turudie. Nitakutafutia kiti, nitakushikia nafasi..."

"Magoti yamekwisha. Nipeleke nyumbani."

Akaifunga kamba kwenye nguzo. Watu wanne ambao ilikuwa zamu yao wakabaki wanamtazama.

"Saa moja haijatimia!" msimamizi alipaza sauti kutoka upande wa pili. Kisha, alipoona hageuki, akalainisha. "Haya, nenda. Kesho saa mbili, usinichelewee."

Alimpa mama bega, wakapita mashua, wakapita magari ya kugongana, wakapita treni iliyokuwa inaondoka na viti vitupu, wakatoka langoni. Kesho yake saa mbili hakuwapo, wala keshokutwa, wala mwisho wa mwezi, siku ya mshahara.