Sauti Kutoka Buffalo

Generoza alikuwa na sharti moja: habari za mwili wake zisipite kinywani mwa mtu wa kwao Bukavu.

Hakulizua tu. Alipokuwa Louisville, Marekani, mimba yake iliharibika, na dada mmoja wa kanisani, wa Bukavu pia, ndiye aliyemfasiria hospitalini. Jumapili mchungaji akamtaja kwa jina mbele ya watu: "Tumuombee mama Generoza, tumbo lake limefungwa." Watu wakapiga magoti, na walipoinuka wakamtazama kiunoni. Ndiyo desturi yetu: tukitaka kusengenya, kwanza tunafumba macho.

Akahamia Columbus, akapata kazi ya kubeba masanduku ghalani. Kiingereza alichojifunza kilikuwa cha masanduku. Kwa hiyo alipogusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto na kwenda kliniki, daktari aliweka simu mezani, na sauti ya mwanamke ikatoka:

"Karibu mama. Mimi ni mfasiri wako. Yote tutakayosema ni siri."

Generoza akaitambua lafudhi, akaisogeza simu mbali kwa kidole.

"Weye ni wa Bukavu."

"Mama, siruhusiwi kuongea habari zangu."

"Uko hapa Columbus?"

"Niko mbali, mama. Niko Buffalo."

"Buffalo! Dada ya pasta wa Louisville iko Buffalo."

"Mama, huku tuko wengi. Si wote dada za pasta."

"Na unasali wapi?"

Mfasiri akacheka, na kicheko hicho kikaharibu kila kitu. Mtunza siri gani anacheka? Daktari akauliza anaumwa nini.

"Kichwa," akajibu Generoza. "Bon, mwambie kichwa tu."

"Kichwa peke yake, mama?"

"Umesikia. Ao nawe ni daktari?"

Akaandikiwa vidonge vya kichwa, akapanda basi kurudi kwake Morse Road. Jumapili kanisani hakuna aliyemtaja, naye akaamini sharti limemlinda. Limlinde na nini? Hakuwa amesema kitu cha kuvuja.

Aliyetoa siri yake Louisville ana dhambi, na ataijibu. Lakini ugonjwa haungoji wenye dhambi watubu. Miezi ikapita, ngozi ya titi ikaanza kujikunja, ndipo Generoza akarudi kliniki na kusema yote. Safari hii hakumuuliza mfasiri anasali wapi. Saratani ilikuwa imefika kwapani.

Titi lilikatwa. Mkono wa kushoto hauinui tena sanduku, na kazi ya ghalani ameipoteza.