Somo la Mji Alikofia Mdogo Wangu

Nimefundisha jeografia miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyenitoa jasho kama mama yangu mzazi. Somo lenyewe lilikuwa mji mdogo wa Ucheki, ambao hata kwenye ramani kubwa ya darasani haumo. Mdogo wangu wa kiume aliishi huko, akaoa huko, na Jumapili moja asubuhi moyo wake ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu. Alipokuwa mchanga mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na nikiukumbuka uzito wake nalia bila aibu.

Mkewe alinipigia simu siku hiyohiyo. Tulizungumza Kifaransa, lugha waliyokuwa wakiitumia wenyewe nyumbani. Alisema atafanya tutakavyo. Tukiutaka mwili, atausafirisha. Tukikubali azikwe kule, nafasi ipo makaburini, lakini anahitaji jibu kabla ya Jumatano. Nikamwambia jibu ni la mama.

Matanga yalikuwa kwetu Keshero, mjini Goma, chini ya shitingi, turubai la bluu tulilolifunga kwenye ukuta wa mawe ili watu wasinyeshewe. Baba mdogo alikuwa na jibu lake tayari.

"Mutu yetu hazikwi kwa batu," alisema, yaani kwa watu wasio wetu, na wanaume wote kwenye viti vya plastiki wakaitikia. Mmoja akamkumbusha kwamba uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, kwamba mwili itabidi upitie Kigali na mpakani. "Upitie," akajibu, kana kwamba ni gunia la viazi.

Mama aliinuka. Maisha yake yote aliuza maharagwe, na sijawahi kumwona akinunua gunia bila kuuliza limetoka kilima gani. Akaniita chumbani, akaketi kitandani, akavua viatu.

"Wewe ni mwalimu. Nifundishe kule. Nikiisha kujua, nitasema."

Nilielewa alichokuwa anadai. Kwetu, kabla ya kukubali ndoa, wazee hutuma mtu akaone: maji yanachotwa wapi, shamba linaota nini, majirani ni watu gani. Mdogo wangu alioa mbali mno, hakuna aliyetumwa, na mama alikuwa amemeza jambo hilo bila kulalamika. Sasa alitaka uchunguzi wake, na aliyetumwa nilikuwa mimi, ambaye sijawahi kukanyaga kule. Nilichokuwa nacho ni picha zake na sauti alizonirekodia kila Jumapili, maana alijua udhaifu wangu kwa jeografia na hakuniachia kilima wala kijito bila kunieleza.

Nilianza kama ninavyoanza darasani: mipaka, mito, mwinuko. Mama akanikata kauli.

"Mito ni ya samaki. Kuko soko?"

"Liko, mama. Mji wenyewe ni soko." Nikamweleza kwamba zamani sana mfalme aliwapa watu wa pale haki ya kukusanya soko siku moja ya juma, na kwa haki hiyo pakaacha kuwa kijiji, ingawa hapakuwa jiji. Mpaka leo katikati ya mji kuna uwanja wa mawe ulioinama upande mmoja, na katikati ya uwanja nguzo ndefu yenye sanamu ya Bikira Maria.

"Maria anaangalia soko?"

"Analiangalia."

Hilo lilimpendeza. Akauliza wanalima nini. Nikamwambia kuna mmea unaotiwa katika bia, unapanda juu ya miti mirefu kama maharagwe yetu ya kupanda. Akataka kujua nani anakata ile miti na inakaa misimu mingapi. Hapo nikabahatisha, akanitazama kama ninavyowatazama wavivu wa safu ya nyuma.

Basi nikataka kujikomboa. Nikakumbuka kilima cheusi kilichosimama juu ya mji, chenye magofu ya ngome. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kile kilima kwa picha za mdogo wangu, kwa fahari kubwa. "Na mawe ya kule ni meusi kama haya yetu, mama," nikasema. "Kile kilima kilikuwa volkano."

Nilidhani nampa zawadi. Mama akasimama.

"Volkano?"

Mwalimu mzima! Mwanamke huyu alishuhudia moto wa mlima ukila nyumba yake na stoo yake ya maharagwe, akakimbia kuelekea mpakani na mdogo wangu mbele yake, kijana akiwa amebeba cherehani kichwani. Mimi namwambia mtoto huyohuyo atalala chini ya volkano. Haraka haraka nikaeleza kwamba ile ilikufa kabla dunia haijawa na watu.

"Ya kwetu pia walisema inalala."

"Kulala si kufa, mama. Ile imekufa kabisa."

"Nani alienda kuiangalia?"

Nilitumia karibu saa nzima kuizika volkano ile. Vitabu havikunisaidia. Mwishowe nilimwapia kwa kaburi la baba, ndipo akaketi tena. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika, na nilimpenda kuliko kawaida.

"Na wale batu," akasema, "wako pale tangu mwanzo?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mdogo wangu alinisimulia vizuri, na hakustahili uongo siku ile. Nikamwambia mama kwamba mji ule ulikaliwa kwa karne nyingi na watu wa lugha nyingine, Wajerumani. Vita vikubwa vilipoisha wakaondolewa, kila mmoja na mzigo anaoweza kuubeba, na nyumba zao wakapewa Wacheki waliotoka sehemu nyingine. Wazazi wa bibi wa mkwe wetu walikuwa miongoni mwa waliopewa.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. "Si nilisema?" akafoka. "Ni batu walikula nyumba ya wenzao. Mutamuacha mutoto pale?"

Mama hakumtazama. Alikuwa amenikazia macho mimi. "Na makaburi ya wale walifukuzwa? Nani anayalimia?"

Ndipo nikafahamu kwamba mito, soko na volkano vyote vilikuwa vinazunguka swali hili moja. Mama hakuogopa udongo wa kigeni. Aliogopa mwanawe alale mahali ambapo siku moja majani yatamfunika, na hakuna hata mtu wa kuuliza huyu ni nani.

Jumanne mchana tulimpigia mkwe wetu simu ya video. Uso wake ulikuwa umevimba lakini sauti ilikuwa imara. Mama akanisukuma na kiwiko: muulize ya makaburi. Nikauliza kwa aibu, maana ni kumwuliza mfiwa juu ya nyumba ya wizi. Alijifuta uso kwa kiganja, nikadhani nimeharibu kila kitu.

Kisha akasema bibi yake aliingia nyumba ile akiwa mtoto mdogo, na mezani walikuta vikombe vya wenyewe. Mama wa huyo bibi aliona haya kuvinywea. Akauliza watu wa nyumba ile walizikwa wapi, akaonyeshwa, na kila mwaka siku ya marehemu wote alikwenda kung'oa majani na kuwasha mshumaa. Majina yale ya Kijerumani hakuweza kuyasoma. Aliyofanya akamrithisha binti, binti akamrithisha wake, mpaka kwake yeye.

"Na mume wangu alikuwa akienda nami," akaongeza. "Yeye alibeba ndoo. Alipenda kuyaosha mawe mwenyewe."

Nilitafsiri. Katika sauti zake zote za Jumapili, hilo mdogo wangu hakuwahi kulitaja.

"Mutoto yangu?" mama akauliza. "Alikuwa anaosha kaburi za batu hata hajue?"

"Kila mwaka," mkwe wetu akasema.

Mama akaufunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Hata baba mdogo, nyuma yetu, alivua kofia yake akaishika mikononi. Mama alipoiondoa ile ncha, alimgeukia yeye kwanza.

"Azikwe kule. Ni mimi nimesema."

Baba mdogo akatikisa kichwa, akatoka nje kuwaambia watu.

Mama akauinamia uso wa mkwe wake kwenye kioo cha simu, akamtazama kwa karibu sana. Kisha akanigeukia mimi, kwa ile hasira yake ndogo ya sokoni.

"Mulima umenifundisha. Soko umenifundisha. Baridi haukunifundisha. Mwambie amuvalishe soseti mbili."

Nikamwambia: soksi mbilimbili, mama anaomba. Mwanamke yule aliyejikaza tangu Jumapili akaiweka simu mezani bila kuikata. Tukabaki tunaona dari ya nyumba yake, na tukamsikia akilia huku anafungua droo, moja baada ya nyingine, akitafuta zilizo nzito.