Rafiki Yangu Aliyekataa Otomatiki

Nilipoanza kupiga picha za harusi hapa Arusha, nilichangia chumba cha studio Ngarenaro na mwanaume mmoja aliyenizidi miaka michache. Upande mmoja tulipakana na fundi wa kuchomelea mageti, upande wa pili fundi cherehani, kwa hiyo picha za pasipoti tulizipiga huku cheche zikiruka nje na wateja wakishtuka na kufumba macho. Yeye aliniita dada, mimi nikamwita kaka, na watu wengi walidhani tumezaliwa tumbo moja.

Kaka huyu alikuwa na msimamo mmoja usiotikisika: mpiga picha wa kweli anapanga mwanga mwenyewe, kwa mkono. Kuiachia kamera ijipangie, yaani kupiga otomatiki, kwake ilikuwa kama fundi cherehani kukuuzia gauni la dukani. Kule Daraja Mbili kulikuwa na kibanda cha chai tulikokutana wapiga picha kila Jumatatu. Kabla hajakusalimia, alishainama kutazama kile kirungu cha juu ya kamera yako cha kuchagulia namna ya kupiga. Akikuta umekiweka kwenye otomatiki, umekwisha.

"Wewe ni mbebaji tu," angekuambia. "Mpiga picha ni hiyo kamera. Chai mnunulie yeye."

Kibanda kizima kilicheka, na aliyechekwa naye akacheka ili yaishe. Baada ya muda mtindo ule ulienea. Hata wageni wa kazi walijifunza kuchungulia kamera za wenzao.

Lakini hakuwa anasema ovyo. Makanisa mengi ya huku mlimani yana giza ndani, na maharusi wakitoka mlangoni wanakutana na jua kali la mchana. "Otomatiki inaona gauni, haioni uso," aliniambia mapema kabisa. Ilikuwa kweli. Kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na bibi harusi anabaki kivuli ndani ya shela. Yeye alishuka ngazi kinyumenyume, kidole gumba kikizungusha gurudumu la kamera bila kulitazama, na kila uso ulitoka na rangi yake. Mama mmoja wa Kimeru alipofungua albamu ya binti yake alisema, "Huyu ni mtoto wangu kabisa. Hamkumbadilisha."

Halafu ikaja ajali. Alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda karibu na Makumira, mvua inanyesha, pikipiki ikateleza. Alivunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri, ila kidole gumba na cha shahada vilibaki vigumu kama vijiti. Wiki nyingi nilimkuta studio akiminya donge la unga wa ngano kama alivyoelekezwa hospitali, akilitazama kwa hasira.

Harusi ya kwanza baada ya hapo tulikwenda wote. Kitufe cha kupigia aliweza kukibonyeza kwa kidole cha kati, lakini gurudumu lilimshinda. Maharusi walipotoka kanisani alilishika kwa mkono wa kushoto, kamera ikamponyoka, akaidaka, akaanza upya. Wakati huo maharusi wameshafika chini, vigelegele vimekolea.

"Baba, mbona umesimama?" shangazi wa bibi harusi akamuuliza.

Picha chache alizopata zilikuwa nyeupe tupu, mwanga umezidi. Mimi nilikuwa nimepiga kutoka upande wa pili, kwa hiyo familia haikukosa kitu. Yeye alibeba mabegi mpaka jioni.

Kesho yake nilimwambia nilichokuwa nacho moyoni. "Kaka, weka otomatiki. Jicho lako ni lilelile. Wewe bonyeza tu."

"Watu watanionaje?"

"Nani atajua?"

"Wote watajua," akasema. "Mimi ndiye niliyewafundisha pa kuangalia."

Nilimsihi siku nyingi. Nilimwomba hata aje tu kupanga watu, mimi nibonyeze. Alikataa kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Mwisho aliuza kamera, akanikabidhi ufunguo wa studio, akapanda kwao mlimani kwenye kahawa na migomba ya baba yake.

Mwaka huu mwanangu wa kwanza alipata kipaimara, naye nikamwalika. Baada ya ibada, uani kwetu, mama yangu mdogo alimpa simu bila kujua lolote. "Baba, hebu tupige sote."

Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akawatoa watu kwenye kivuli cha migomba, akamsogeza bibi mbele, akamtania mjomba mpaka mjomba akacheka, akapiga. Niliitazama ile picha. Ilikuwa nzuri kuliko zangu zote za siku ile.

"Umeona, kaka?" nikamwambia pembeni. "Simu imejipangia yenyewe, na picha bado ni yako."

Akatabasamu. "Dada, hii ni simu ya mama mdogo. Si kazi."

"Na ingekuwa kazi?"

"Basi ningeona aibu."

Nilitaka kumwambia kwamba pale kibandani siku hizi hakuna anayechungulia kamera ya mtu. Kamera za sasa zinatafuta jicho zenyewe, vijana wanapiga otomatiki mchana kweupe na hawajui kama iliwahi kuwa aibu. Mimi mwenyewe nimeshaacha kuzungusha gurudumu mara nyingi tu. Maneno yalifika mdomoni yakarudi. Ningemwambiaje mtu kwamba ubishi wa otomatiki uliomtoa kazini wenzake waliusahau, pengine hata kabla hajafunguliwa plasta?

Tukapakuliwa loshoro, yale mahindi ya kuchanganya na maziwa mgando. Yeye akaenda kukaa na wazee, wakazungumza habari za kahawa inayodondosha maua kabla ya wakati. Nikampiga picha akisikiliza. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka chini ya meza.